Taasisi ya Kurekebisha Kazi ya Awali

Palikuwa na nchi. Anayetaka kujua ni ipi asiulize, na anayeijua akae kimya kama wenzake. Tuiite Ng'arani, maana kila kitu cha huko kiling'ara kwa mbali, na wenye nchi walikwisha toa amri kwamba watu wasisogee karibu.

Ng'arani ilikuwa na hospitali kuu yenye vitanda mia mbili na wagonjwa mia sita. Mama mjamzito alikwenda kujifungua na wembe wake, beseni lake, mpira wake wa kutandika na tochi yake, utasema anahamia shamba. Dawa ya malaria ilipatikana kwa wingi miezi ambayo hapakuwa na malaria. Watu walikuwa wamezoea, na mazoea yana taabu.

Basi siku moja Rais wa nchi alijitazama kwenye kioo akaona pua yake hailingani na cheo chake. Akapelekwa ng'ambo. Aliporudi na pua mpya, nyembamba kama ncha ya kisu, ikatangazwa siku ya mapumziko, Sikukuu ya Pua, na wanafunzi wakapangwa barabarani tangu alfajiri kuipungia bendera. Pua ikapita ndani ya gari la vioo vyeusi. Hakuna aliyeiona, na wote walishangilia.

Baada ya hapo wodi ya wazazi ilifungwa ili iendelezwe. Ikapakwa rangi ya waridi, ikatiwa viyoyozi, na juu ya mlango kikapigiliwa kibao cha shaba: TAASISI YA TAIFA YA KUREKEBISHA KAZI YA AWALI. Kina mama wa kujifungua wakahamishiwa kwenye banda lililokuwa la kuwekea baiskeli.

Bi Mwanakombo, mjane wa mtaa wa Kisimani, alisimama chini ya kibao kile akakisoma herufi kwa herufi. Shule aliishia darasa la saba, lakini herufi kubwa hazikumshinda.

"Mwanangu," alimwuliza askari wa mlangoni, "hii kazi ya awali inayorekebishwa, aliifanya nani?"

Askari akakuna shingo. "Sijui, bibi. Labda mkandarasi wa zamani."

"Astaghfirullah," akasema Bi Mwanakombo, akapita zake.

Mkuu wa Taasisi alikuwa Dakta Tindo. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, alitunukiwa kwenye dhifa kati ya pilau na matunda. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na lazima tumpe haki yake: gari lililogongwa na treni lilitoka mikononi mwake halina hata mkunjo. Rais alipotafuta mtu wa kunyoosha wananchi, jina la Tindo likaja lenyewe.

*

Kazi ya Bi Mwanakombo ilikuwa kuosha maiti wa kike. Aliianza mwaka ule aliofiwa na mumewe, marehemu Mzee Haji fundi bomba, na sasa ilikuwa mwaka wa ishirini na mbili. Alifundishwa na Bi Chausiku, mwosha wa zamani, mwanamke mkali asiyerudia neno. Siku ya kwanza alimshika viganja akamwambia, "Mikono ya mwosha ina macho, mwanangu. Mdomo haina."

Maneno yale Bi Mwanakombo aliyashika kama anavyoshika sala. Alikwisha osha wenye makovu ya mijeledi ambao mtaani walijulikana kwa furaha ya ndoa zao. Alikwisha osha mabinti ambao matumbo yao yalikuwa na habari. Yote aliyamwaga pamoja na maji ya josho. Tumefundishwa kwamba anayemwosha maiti akasitiri aibu yake, naye Mola atamsitiri.

Serikali ya Ng'arani, ambayo haijapata kusoma kitabu chochote mpaka mwisho, ilisoma ukurasa huo mmoja ikaupenda sana. Ikaunda Idara ya Staha za Marehemu, na kila mtaa ukapata Afisa Staha wake. Wa Kisimani alikuwa Bwana Shomvi, mtu mwembamba mwenye mkoba mnene. Kila alipofariki mwanamke aliyepita mikononi mwa Dakta Tindo, Bwana Shomvi alifuata jeneza, akakaa nje ya pazia la chumba cha kuoshea, na mwosha alipomaliza akampa karatasi yenye mistari mitatu:

*Nimeosha. Sikuona. Sitasema.*

Ilishatangulia kuandikwa pale juu, kwa mashine, kwamba marehemu amekufa kwa uchovu wa kulitumikia taifa.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu, mama wa miaka arobaini na moja. Bi Mwanakombo alipomgeuza ubavu aliona nyonga zake ni ngumu kama kinu, nyeusi kama zilizochomwa, na tundu limeshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Alipopitisha kitambaa, tundu likatapika. Kilichotoka hakikuwa damu wala usaha peke yake. Kilikuwa kizito, cheupe, kinavutika, hakikubali maji, kinang'ang'ania vidole. Kikanuka siki.

Bi Mwanakombo akasimama na kitambaa mkononi. Harufu ile aliijua. Miaka kumi na minane ililala naye kitanda kimoja. Ilikuwa gundi aliyokuwa akitumia Mzee Haji kuzibia sinki na kukalishia masinki ya choo.

Akamsitiri marehemu, akamtia pamba, akamvika sanda, akatoka akatia sahihi. Baada ya huyo akaja wa pili. Walipofika saba aliacha kuhesabu, maana namba nazo zina mdomo.

*

Jumatatu alasiri Saumu, binti yake pekee, aliingia nyumbani na bahasha mkononi na kicheko mdomoni. Saumu alikuwa karani wa masijala katika Wizara ya Afya na Mwonekano.

"Mama, nimepata!"

"Umepata nini?"

"Meza ya mapokezi! Nargisi kaenda masomoni ng'ambo, kiti chake sasa ni changu. Ila kwanza Alhamisi niende Taasisi nikarekebishwe."

"Urekebishwe nini?"

"Nyonga, mama. Waraka Namba Tisa. Mtumishi wa kike anayekaa mbele ya wananchi lazima awe na umbo la hadhi ya taifa. Nimepimwa kwa futi kamba, nimepungukiwa inchi tisa."

"Umepungukiwa na nani?"

"Na taifa."

Bi Mwanakombo akaweka chini ungo wa mchele. "Usiende."

"Nilijua utasema hivyo. Mama, miaka sita niko chini kule na panya. Wananiita rula. Juzi bwana mmoja kaniegemezea mafaili, eti kadhani mimi ukuta! Wenzangu wote wamekwenda, wamerudi wamenona, wanaitwa madamu. Kwa nini mimi nisiende?"

"Mwili ni amana, mwanangu."

"Hiyo hotuba. Mimi naomba sababu." Saumu akachutama mbele ya mama yake, akamshika magoti kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kuombewa ruhusa kwa baba. "Nipe sababu moja, mama. Moja tu. Ukinipa, wallahi siendi."

Sababu zilikuwapo, na kila moja ilikuwa na jina na kaburi. Bi Mwanakombo akafungua mdomo. Akamwona mwalimu mkuu, mwanamke wa heshima zake, amelazwa mbele ya watu wote uchi. Akaufunga.

"Mchele huu una mawe," akasema.

Saumu akainuka, akajifuta kanga. "Basi Alhamisi nitachelewa kurudi," akasema, akaingia chumbani akiimba.

*

Usiseme hakujaribu. Jumanne Bi Mwanakombo alivaa buibui lake la Ijumaa akaenda Taasisi.

Alikuta sherehe. Waziri wa Afya na Mwonekano alikuwa akifungua chumba kipya cha sindano. Waziri huyo alikuwa amerekebishwa mdomo mwaka jana ili apendeze kwenye picha, na tangu siku hiyo tabasamu halikumtoka. Alitabasamu bungeni, akatabasamu msibani, akatabasamu alipotangaza kipindupindu. Alipolia, machozi yalimteremka yakaingia katikati ya meno.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wazee wetu walituambia tuna maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Serikali yenu imeunda tume. Tume imekaa miaka minne. Imegundua kwamba hao watatu ni watoto tu. Baba yao ni ubapa!"

Makofi.

"Nchi zilizoendelea zimeendelea mbele na nyuma! Sisi tumekuwa tukiendelea mbele peke yake. Je, hiyo ni haki?"

"Si haki!"

Mwanamke mmoja kutoka banda la baiskeli alijipenyeza hadi mbele, mtoto mikononi, macho ya mtoto yamegeuka juu. "Mheshimiwa, mwanangu ana homa siku ya tatu, hakuna hata kidonge."

Waziri akainama, akamtazama mtoto, akatabasamu. "Mtoto huyu," akasema, "ana nyusi nzuri sana." Mpiga picha akapiga picha. Walinzi wakamsaidia mama yule kutoka.

Bi Mwanakombo akamfuata Dakta Tindo ofisini. Dakta alikuwa amejinyoosha ngozi yake mwenyewe, na akaivuta kupita kiasi, hata macho yakawa hayafumbi. Nyuma yake alisimama nesi akimdondoshea maji machoni kwa bomba la sindano, tone moja moja, muda wote wa mazungumzo.

"Dakta, nina binti, Saumu wa masijala. Nimekuja kukuomba umwache alivyo."

"Alivyo ndio ugonjwa wenyewe, mama."

"Ni nini mnachowatia?"

"Majimaji ya kisayansi. Hata nikikutajia jina hutaweza kulitamka."

"Na hao wote uliowatia, hajarudi hata mmoja kulalamika?"

"Hata mmoja!" Dakta Tindo akang'aa. "Tumepeleka fomu za maoni nyumba kwa nyumba. Asiyejibu tunahesabu ameridhika. Tumepata mia kwa mia."

"Naam," akasema Bi Mwanakombo polepole. "Baadhi yao nawajua. Si watu wa kulalamika."

Kikohozi kikasikika mlangoni. Alikuwa Bwana Shomvi, mkoba kifuani. Alimsindikiza mpaka ukumbini, akasema kwa sauti ya upole, maana alikuwa mtu mpole: "Bibi yangu, kuna kifungu cha nne. Kumvua nguo marehemu kwa maneno. Miaka saba. Halafu kuna ile sheria nyingine ambayo si ya serikali. Wewe ni mcha Mungu kuliko mimi. Utakwenda kumwambia nini Mola wako?"

Jela Bi Mwanakombo hakuiogopa sana. Lakini mtu anapokupiga kwa fimbo uliyoichonga mwenyewe, unaugulia mara mbili.

*

Jumatano, kabla ya adhuhuri, gari la Taasisi lilisimama mbele ya chumba cha kuoshea. Wanaume wanne wakaingiza machela, wakatoka. Bwana Shomvi akavuta kiti chake nje ya pazia.

"Harakaharaka, bibi. Agizo ni azikwe kabla ya alasiri. Uchovu wa kulitumikia taifa."

Bi Mwanakombo akafunua uso wa marehemu.

Alikuwa Nargisi. Nargisi wa mapokezi, aliyekwenda masomoni ng'ambo. Alikuwa bado na hina mikononi, na kwenye mkono wa kushoto alama ya pasi aliyoungua siku ya harusi ya dada yake. Bi Mwanakombo ndiye aliyeipaka asali siku ile, kwa mkono wake.

Akakaa kwenye kigoda. Akavuta uradi. Nje Bwana Shomvi akaita, "Bibi, vipi huko?"

"Bwana Shomvi, nisomee karatasi yako. Inasemaje juu ya mmwagaji maji?"

Karatasi zikapekuliwa. Bwana Shomvi alipenda kanuni kama wengine wanavyopenda halua. "Kifungu cha sita. Kuosha ni kazi ya watu wawili kwa mujibu wa mila. Mwosha atamchagua msaidizi wa kike amtakaye, naye msaidizi ataapa."

"Amtakaye?"

"Amtakaye."

"Bi Tumu, mmwagaji wangu, goti limemvimba. Nimtakaye ni Saumu, yuko wizarani kwenu. Nawe umesema haraka."

Agizo ni agizo. Bwana Shomvi akapiga simu, na hivyo Saumu akaletwa na gari la serikali lenye king'ora, kwa kasi ambayo hakuna mgonjwa wa Ng'arani aliyewahi kuletwa nayo popote. Aliingia amenuna.

"Mama, na leo? Nina kazi za kukabidhi, kesho ndiyo siku yan—"

Akamwona aliyelala.

"Mama." Sauti yake ikawa ndogo. "Huyu si kaenda masomoni?"

Bi Mwanakombo akampa kata. "Maji ya mkunazi yako kwenye ndoo. Mwaga nikikuambia. Upande wa kulia kwanza."

Saumu akamwaga. Kata iligonga ukingo wa ndoo kila alipochota. Mama yake aliosha kichwa, akaosha bega, akaosha mkono wa hina, shuka likiwa juu ya marehemu na mikono ikipita chini yake, kwa adabu, kama anavyooshwa mtoto anayesinzia. Nje Bwana Shomvi alisikia maji tu.

"Mwaga."

Maji.

"Sasa tunamgeuza. Shika hapa. Taratibu."

Saumu akashika mahali alipoambiwa ashike. Chini ya shuka mkono wake ulikuta kitu kigumu kama gogo, akauondoa upesi, akaurudisha. Akaona mshipi wa samaki. Mama yake akapitisha kitambaa, na tundu likafunguka.

Harufu ya siki ikajaa chumba kizima.

Saumu alisimama kata ikiwa hewani, pua imekunjamana, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Alikuwa na miaka saba tena, amepanda mapajani mwa mtu aliyerudi kutoka kazini, anamchokonoa uji mweupe uliokauka kwenye kucha.

"Mama," akanong'ona. "Hii harufu ya baba."

Bi Mwanakombo hakuinua uso. Machozi yalimdondoka juu ya mikono yake, nayo akayaosha.

"Mwaga, mwanangu," akasema.

Saumu akamwaga. Walimwosha Nargisi mara tatu, na ya tatu kwa kafuri, na uchafu ule ulipokataa kukoma wakamtia pamba, na ilipolowa wakamtia nyingine. Walipomaliza alikuwa mweupe ndani ya sanda, amesitirika, hana deni la aibu kwa mtu. Saumu akatoka nje ya pazia, mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko, akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

*Nimeosha. Sikuona. Sitasema.*

*

Alhamisi Dakta Tindo alimsubiri mteja wake hata maji ya macho yakamwishia nesi. Saumu alikuwa chini masijalani, kati ya panya na mafaili. Bapa, mzima.

Wenzake walimshukia. "Shoga, mbona hukwenda? Umeogopa sindano?"

"Sikuogopa."

"Kuna nini basi?"

Saumu akapanga mafaili yake. "Mama anatafuta wa kumwagia maji," akasema. "Goti la Bi Tumu bado."

Hakuongeza neno. Lakini wanawake wa Ng'arani walikuwa wameishi miaka mingi chini ya serikali isiyosema kweli, wakawa mabingwa wa kusikia yasiyosemwa. Maiti aliyefuata alikuwa na wamwagaji watano mlangoni. Kanuni ilitaka mmoja, basi wakapeana zamu. Kila mmoja aliingia na tarehe yake ya Taasisi kwenye mkoba, akatoka amelowa mikono, akaapa kwa sauti safi kabisa, na tarehe ikabaki mkobani. Bi Mwanakombo ilibidi anunue kata ya pili.

Baada ya mwezi Waziri alihutubia taifa. Alisema, akitabasamu, kwamba vitanda vya Taasisi vimebaki vitupu, na kwamba wataalamu wamegundua sababu: uchaji Mungu umepanda ghafla miongoni mwa watumishi wa kike, hasa katika fani ya kuosha maiti. Serikali imeunda tume kuchunguza umeletwa na nani.

Bwana Shomvi alikwenda kumwuliza Bi Mwanakombo uso kwa uso. "Bibi, umewaambia nini?"

"Mimi? Sijasema hata neno, mwanangu. Nilitaka maji tu."

Alipekua vifungu vyote, hakuona kilichovunjwa. Akakaa kwenye kiti chake nje ya pazia, maana siku hiyo palikuwa na maiti ndani, na msaidizi alikwisha ingia kabla yeye hajafika. Akasikia maji. Akasikia Bi Mwanakombo anasema, "Mwaga." Kisha akasikia mtu anakohoa, kikohozi kifupi cha mara mbili, ambacho alikisikia kila asubuhi upande wa pili wa mto wake kwa miaka kumi na mmoja.

Kalamu ikamwanguka.

Bi Time, mkewe, akatoka. Mikono ilikuwa imelowa. Alimtazama mumewe namna ambayo hajapata kumtazama, akachukua karatasi kwenye mkoba wake mnene, akatia sahihi bila kuulizwa.

Nyumbani Bwana Shomvi hakula. "Mama Hamdu," akasema, "umeona nini mle ndani?"

"Nimekula kiapo, baba Hamdu. Tena kiapo chako mwenyewe, wino haujakauka."

"Mimi ni mumeo!"

"Na yule alikuwa na mume."

Juu ya meza palikuwa na bahasha ya rangi ya waridi. Bwana Shomvi mwenyewe aliileta wiki iliyopita: nafasi ya Jumatatu, aliyompigania mkewe kwa kujuana. Aliitazama. Mkewe naye aliitazama, kisha akaenda kunawa mikono mara ya pili, kwa sabuni ya kufulia, na bado alipopita karibu yake kulikuwa na harufu hafifu ya siki.

Jumatatu asubuhi gari la Taasisi lilipiga honi mlangoni kwao. Afisa Staha akatoka yeye mwenyewe, na kanzu ya kulalia, akafunga mlango nyuma yake.

"Mkeo, bwana," akasema dereva. "Ana miadi yake ya saa mbili."

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

Bwana Shomvi akatazama huku, akatazama kule.

"Masomoni," akajibu.